Video za zamani za jazi: tunapozishirikisha mtandaoni, tunagusa haki ya nani?

Sanduku la Kanda (mleta mada)

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya video za zamani za jazi, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka kwenye televisheni hadi kwenye kanda, na kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta. Huzipakia katika jukwaa moja la video ili kila anayependa azitazame bila malipo. Sijawahi kuweka matangazo ya biashara wala kupata senti kutokana nazo. Mwezi uliopita niliondolewa ile sehemu ya Billie Holiday akiimba "Fine and Mellow" katika kipindi cha *The Sound of Jazz*, kilichorushwa na kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani tarehe 8 Desemba 1957. Wanaoijua hawahitaji kusimuliwa jinsi Lester Young anavyopiga mzunguko mmoja tu wa bluzi, pole pole, huku Holiday akimtazama kama mtu anayesikia habari aliyokuwa akiingoja siku nyingi. Wote wawili walifariki mwaka 1959. Kwangu mimi hakuna dakika nyingine za jazi zilizopigwa picha zenye thamani kama hizo.

Kinachonitatiza ni kwamba video ya Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakipiga "Hot House" mwaka 1952 haijaguswa mpaka leo, na filamu fupi ya Bessie Smith ya mwaka 1929 iliwekewa dai ambalo baadaye liliondolewa bila maelezo. Naomba kuelimishwa ni kanuni gani inayozitenganisha video hizi tatu. Pia naomba jibu la kweli kwa swali hili: mtu anayeshirikisha wenzake kitu ambacho hakiuzwi popote anamdhulumu nani?

Msomaji wa Sheria

Ndugu mleta mada, ugumu unaanzia hapa: video moja ya muziki hubeba haki kadhaa, na kila haki ina mwenyewe na muda wake. Kuna utunzi wa wimbo. Kuna filamu au kipindi chenyewe, picha na sauti zikihesabiwa kuwa kazi moja. Katika nchi nyingi kuna pia hakishiriki, yaani haki za wanamuziki waliopiga juu ya upigaji wao, hata kama wimbo si wao. Kutopata faida hakufuti hata moja kati ya hizo, ingawa mahakama inaweza kulipima jambo hilo inapoamua kama matumizi fulani yalikuwa ya haki.

Ya Bessie Smith ndiyo nyepesi. Filamu ile, *St. Louis Blues*, ndiyo pekee inayojulikana kumwonyesha mwimbaji huyo, na kwa kuwa ilitoka mwaka 1929, nchini Marekani iliingia katika milki ya umma, yaani yeyote anaweza kuitumia bila ruhusa, tarehe 1 Januari 2025, baada ya miaka 95. Wimbo wenyewe W. C. Handy aliuchapisha mwaka 1914, hivyo huko nao ulikuwa huru tangu zamani. Nadhani dai uliloliona lilitolewa na mashine, na mtu alipolikagua akaliacha.

Ya Holiday ni tofauti kabisa. Wimbo aliutunga mwenyewe, na pale ambapo utunzi hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, ulinzi huo unafika mwisho wa mwaka 2029. Juu ya hapo kuna kipindi cha televisheni chenye mwenyewe anayejulikana. Ninakushauri usome upya taarifa uliyotumiwa uone inadai kitu gani hasa, kwa sababu santuri yenye jina hilo hilo la kipindi ilirekodiwa studioni siku nne kabla ya matangazo, na mifumo inayolinganisha sauti inaweza kuchanganya rekodi moja na nyingine. Kama ni dai la mfumo, kwa kawaida matokeo yake ni mapato ya matangazo kwenda kwa mdai au video kufungwa katika nchi fulani. Kama ni notisi rasmi chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998, unayo haki ya kuipinga kwa maandishi, na mdai asipofungua kesi, video inapaswa kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Lakini maelezo hayo unayatoa chini ya kiapo. Usiyaandike kwa hasira.

Mipaka ya nchi nayo ina uzito wake. Rekodi za albamu ya *Kind of Blue* ya Miles Davis, iliyotoka mwaka 1959, zilimaliza miaka 50 ya ulinzi katika Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2009. Ulaya ilipoongeza muda huo hadi miaka 70 kwa agizo la mwaka 2011, rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikurudishiwa ulinzi. Nchini Marekani rekodi hizo hizo zinalindwa hadi tarehe 15 Februari 2067. Tungo zilizomo ni suala jingine tena, kwa kuwa Davis alifariki mwaka 1991.

Tarumbeta Tatu

Mimi ni mwanamuziki, na ninataka kulijibu lile swali la pili, kwa sababu mara nyingi linaulizwa kana kwamba jibu lake ni "hakuna anayedhulumiwa". Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwazuia wanachama wake kurekodi, kwa sababu santuri zilizokuwa zikipigwa redioni na kwenye mashine za muziki zilikuwa zikiwaondolea kazi bila kuwaletea malipo. Mgomo huo uliendelea mpaka mwaka 1944 kwa kampuni kubwa mbili za santuri zilizokuwa za mwisho kukubali. Ndiyo maana tuna rekodi chache mno za bibopu, mtindo mpya wa jazi wa miaka hiyo, ilipokuwa inazaliwa. Wanamuziki walikubali muziki wao mpya usirekodiwe kuliko kuona kazi yao ikizunguka dunia huku wao wakikosa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo ninapoona mtu akiandika kwamba wakongwe wale "wangefurahi tu kusikilizwa", ninaumia. Hatujui kama wangefurahi. Tunachojua ni kwamba walipopata nafasi ya kusema kwa pamoja, walidai malipo. Sisemi kwamba dai la kampuni ya leo ni dai la mpigaji. Mara nyingi sana fedha haziwafikii warithi wake, na hilo nalo ni dhuluma. Hata hivyo, dhuluma ya kampuni hainipi mimi ruhusa ya kuamua kwa niaba ya familia ya marehemu. Ukipakia tamasha ambalo limesafishwa na kutolewa upya kwa gharama, likiwa na kijitabu na mkataba na warithi, unamnyima mtu halisi. Ukipakia kipindi ambacho hakuna aliyekitoa kwa miaka 60, sina ubishi mkubwa nawe, ila ondoa mara moja mwenye haki akijitokeza.

Mgeni wa Bluzi

Samahani kwa kuingilia. Je, ile tarehe ya mwaka 2067 inazihusu video zote zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1972? Nimeona watu wakiitaja hivyo mara nyingi.

Fundi wa Filamu

Hapana, ndugu, na ni vizuri umeuliza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iliyoweka tarehe hizo inahusu rekodi za sauti: zilizotoka kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na zilizofuata, mpaka katikati ya Februari 1972, hadi mwaka huo wa 2067. Sauti iliyomo ndani ya filamu huhesabiwa kuwa sehemu ya filamu na hufuata muda wa filamu. Sheria hiyo hiyo iliweka njia kwa anayetaka kutumia bila biashara rekodi ya zamani isiyouzwa tena: anaitafuta sokoni kwa nia njema, anawasilisha notisi katika Ofisi ya Hakimiliki, kisha anasubiri siku 90 kuona kama mwenyewe atapinga. Natamani njia kama hiyo ingekuwepo kwa ajili ya picha, lakini haipo.

Nirudi kwa video ya Parker, ambayo mleta mada anaiona kama iliyo salama. Ilirushwa tarehe 24 Februari 1952 na mtandao wa televisheni wa DuMont, uliofunga shughuli zake mwaka 1956, na sehemu kubwa ya vipindi vyake imepotea kabisa. Kabla ya kanda za video, kipindi kilihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, na nakala hizo zilitupwa au kuchakaa zisipokuwa na wa kuzitunza. Ninavyoona, video hiyo haijaguswa kwa sababu hakuna aliyejitokeza kuidai. Hilo halimaanishi kwamba ni huru. Wapo wanaosema kwamba kazi yoyote ya Marekani ya kabla ya mwaka 1964 ambayo hakimiliki yake haikuhuishwa katika mwaka wa 28 ni mali ya umma. Hiyo ni kweli kwa kazi zilizochapishwa, yaani nakala zake zilizouzwa au kusambazwa. Kurusha kipindi hewani peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kuchapisha, kwa hiyo vipindi vingi vya televisheni haviingii katika kanuni hiyo kirahisi hivyo.

Naomba jambo moja kwa kila anayepakia, na ninalisema baada ya kushika mikanda mingi ya filamu: msikate maandishi ya mwanzo na ya mwisho. Mpaka mwaka 1989 kazi iliyochapishwa Marekani ilihitaji kuwa na tangazo la hakimiliki, na kwa kazi za kabla ya mwaka 1978 kulikosa tangazo hilo kungeweza kumpotezea mwenyewe ulinzi wote. Tangazo hilo hukaa kwenye maandishi hayo hayo ambayo wapenzi wengi huyaondoa ili wafike haraka kwenye muziki. Anayeyakata anapoteza tarehe, jina la mtayarishaji na ushahidi ambao ungemwambia yeye mwenyewe kama ana haki ya kuipakia.

Sanduku la Kanda (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimeisoma upya taarifa ile: ni notisi rasmi, inadai kipindi chenyewe, na sitaipinga. Ndugu mwanamuziki, nimekuelewa. Nimeondoa pia matamasha mawili ambayo nimegundua yametolewa upya. Video ya Parker nimeificha kwanza.

Nimekagua pia nakala yangu ya filamu ya Bessie Smith. Inaanza moja kwa moja na tukio la kwanza, bila jina wala mwaka, kwa kuwa aliyeinakili kabla yangu alikata maandishi yote. Kama kuna mwenye nakala inayoanza mapema zaidi, naomba aniandikie, nami nitaibadilisha yangu.