Njia ya Kabalega kutoka Hoima hadi Kangai: alama zipo wapi, na tuanzie upande gani?

KondeleMtembezi:
Hamjambo wakuu. Tuko wanne hapa Kisumu, tuna gari dogo na siku tano mwezi wa Januari. Tunataka kufuata alama za kumbukumbu za Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro, Uganda, kuanzia Waingereza walipomtoa Hoima hadi alipokamatwa pamoja na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Tuanzie wapi? Alama zipi ni za tukio lenyewe, na zipi zimewekwa kwa heshima tu? Na je, hapa Kisumu kuna alama ya kupita kwao wakipelekwa uhamishoni?

Mwl_Webuye:
Ndugu, kwanza ondoa mawazo kwamba Kabalega alikimbia kwa wiki moja tu. Vita vya Colvile, kamanda wa Waingereza, vilianza mwisho wa 1893, Hoima ikatwaliwa mapema 1894, na Kabalega akakamatwa tarehe 9 Aprili 1899. Hiyo ni miaka mitano ya kurudi nyuma, kushambulia, kujificha na hatimaye kuvuka Nile kuingia nchi ya Walango. Ukiunganisha alama kwa mstari mmoja kwenye ramani utapata barabara ambayo yeye hakuipita kamwe.

Za tukio lenyewe ni hizi. Katasiha, karibu na Hoima, palikuwa na ngome ya Colvile ya 1894. Lililobaki ni handaki na pango. Usitarajie kuta, watu wengi hupita hapo wakidhani wamekosea njia. Kangai, wilaya ya Dokolo, ndipo alipokamatwa; alipigwa risasi mkononi na mkono ukakatwa. Mpumudde, kilima cha Jinja, ndipo alipofariki tarehe 6 Aprili 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka Ushelisheli. Mparo, kama kilomita 4 kutoka Hoima kwa barabara ya Masindi, ni kaburi lake.

Hapo Mparo muwe macho. Nje ya ua kuna mnara wa kukumbuka mwaka 1877, Kabalega alipompokea mgeni wa Kizungu, Emin Pasha. Huo hauhusiani na vita, ila wageni huupiga picha na kuuandikia "hapa ndipo vita vilipoanza". Vilevile ramani za zamani zenye jina "Kabalega Falls" zinaonyesha maporomoko ya Murchison yaliyobadilishwa jina enzi za Idi Amin. Si kituo cha njia yake.

Mwanga naye ana njia yake, msizichanganye. Aliasi Julai 1897, akashindwa Buddu, kusini mwa Buganda, akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, akawatoroka, ndipo akaenda kaskazini kuungana na Kabalega. Mtu akisema walitoka Hoima pamoja, amekosea.

Kuhusu Kisumu: reli ilifika hapa Desemba 1901, na mwaka huo wafalme hao walikuwa wamekwisha fikishwa Ushelisheli. Msipoteze asubuhi kutafuta kibao stesheni.

DerevaBusia:
Nakubaliana na mwalimu. Kwa njia: kutoka Kisumu kihistoria mngeanzia Hoima, lakini kijiografia Kangai iko karibu zaidi. Pitieni Busia, Tororo, Mbale, Soroti, kisha Dokolo. Lami yote hadi Dokolo mjini. Kangai ulizieni kwenye steji ya boda. Mwajirini mwenye boda mmoja awaongoze mbele ya gari, kwa sababu vijia vya huko vinafanana, na ramani ya simu hukupeleka kwenye kituo cha biashara badala ya mahali penyewe. Mjaluo atasikilizana kidogo na Walango, hiyo itawasaidia sana kuuliza.

Kutoka Dokolo endeleeni Lira, Kamdini, daraja la Karuma, Kigumba, Masindi, Hoima. Rudini kwa Kampala na Jinja, mmalizie Mpumudde. Siku tano zinatosha iwapo mtalala Soroti, Masindi, Hoima na Jinja. Msilale Kampala, foleni itawala nusu siku.

Mpakani: kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya, ila bebeni kadi ya homa ya manjano. Gari linahitaji logibuku halisi, bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kibali cha muda cha kuingiza gari. Logibuku ikiwa na jina la mtu mwingine, bebeni barua yake ya idhini; hapo ndipo wengi hurudishwa. Januari ni chaguo zuri. Wanaokwenda Aprili kwa sababu ya tarehe 9 hukuta mvua, na gari dogo hukwama kwenye udongo wa Lango.

Kumbukumbu_Nakuru:
Naongeza jambo moja ambalo hupuuzwa. Nakilini maandishi ya kila alama mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake. Tahajia hubadilika: Kabalega na Kabarega, Chwa na Cwa (jina lake jingine), Mpumude na Mpumudde. Mkisahihisha wenyewe, atakayetafuta baadaye hatajua kibao kilisema nini.

Picha tatu kwa kila alama: maandishi, alama nzima, na mandhari kuanzia barabarani. Herufi zilizochongwa husomeka saa moja hadi saa tatu asubuhi jua likipiga kwa ubavu. Saa sita zinapotea kabisa. Zisiposomeka, lowesheni kwa maji safi na kitambaa. Kamwe msipake chaki wala kusugua kwa brashi ya waya. Chaki huingia kwenye vitundu vya saruji na haitoki, na waya hula kingo za herufi.

Majiranukta (namba za GPS za mahali) yawe na desimali tano, ambayo ni kama mita moja. Desimali nne ni kama mita 11, na penye makaburi kadhaa hiyo ni kaburi la mtu mwingine: Mparo amezikwa pia mwanawe, Tito Winyi. Mkifika hapo, ombeni ruhusa kwa mlinzi kabla ya kutoa kamera, na mvue viatu ndani.

KondeleMtembezi:
Asanteni sana. Basi tutaanza Kangai na kumaliza Jinja. Je, mkitaka kuandika maelezo ya safari, mngeyapanga kwa siku tulivyotembea au kwa miaka?

Mwl_Webuye:
Kwa miaka. Katasiha 1894, Kangai 1899, Mpumudde na Mparo 1923. Siku za safari ziandikeni pembeni, kwa anayetaka kujua barabara.