Neno "school": shule na samaki vinakutana wapi?

Mwalimu_Igoma:
Ndugu zangu, nafundisha Kiingereza darasa la sita hapa Mwanza. Jana mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, aliniuliza kwa nini neno "school" lina maana ya shule na pia ya kundi la samaki waogeleao pamoja. Nilimjibu kwamba huenda samaki walifananishwa na watoto darasani, lakini jibu hilo halikuniridhisha mwenyewe. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kabla ya Jumatatu.

Mpenda_Lugha:
Shikamoo mwalimu. Hayo ni maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana kwa sauti. La shule lilianzia kwa Wagiriki wa kale, ambao "skholē" kwao ilikuwa wasaa, yaani muda ambao mtu hakabiliwi na kazi; na kwa kuwa wenye wasaa waliutumia kujadiliana na kuwasikiliza wenye hekima, neno likahamia kwenye mijadala yenyewe, kisha mahali ilipofanyika. Warumi walilichukua likawa "schola", na kutoka kwao likaenea: Waitalia wana "scuola", Wahispania "escuela", Wajerumani "Schule", na Wafaransa "école", ambalo limedondosha s yake njiani. La samaki lilitoka kwa Waholanzi, ambao zamani walisema "schole" kwa maana ya kundi, nalo ni ndugu wa "shoal", ambalo Waingereza hulitumia pia kwa samaki.

Kijana_wa_Kirumba:
Niongeze kwamba neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani walipoitawala Tanganyika, kama tulivyopata "hela" kutokana na sarafu yao ya Heller. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, ikabaki na "skuli". Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na "chuo", lililomaanisha kitabu na pia mahali pa kusomea Kurani. Nasikitika kwamba maana ya kitabu imefifia, kwani bila hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini msomi mkubwa wa dini huitwa mwanachuoni.

Mwalimu_Igoma:
Marahaba, na nawashukuru nyote. Jumatatu nitasahihisha jibu langu mbele ya darasa zima. Hilo la wasaa limenigusa zaidi, kwa sababu mbalamwezi inapong'aa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hukaa nchi kavu, na mtoto huyo amenieleza kuwa ni katika usiku huo ndipo baba yake hukaa naye kupitia madaftari.