Naitrojeni ya jani la chini inafikaje kwenye jani la juu?

Mwanafunzi, Mbozi: Shikamooni. Katika mahindi yetu majani ya chini yanageuka manjano kuanzia nchani, rangi ikifuata mshipa wa kati, ilhali ya juu yamebaki kijani. Bwana shamba anasema ni upungufu wa naitrojeni. Naomba kueleweshwa: mmea unaihamishaje?

Mwalimu wa biolojia, Iringa: Marahaba, mwanangu. Seli za jani kuukuu huvunja protini zake zenyewe, hasa zile za kloroplasti (vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza chakula), na asidi amino (vijenzi vya protini) zinazopatikana husafirishwa kwa floemu (mirija ya chakula ya mmea) hadi kwenye majani machanga. Sehemu ya kazi hiyo ni otofajia: utando hujiunda ndani ya seli, ukazingira kipande kinachotakiwa kuvunjwa hadi ukakifunga pande zote, kisha kifuko hicho huungana na vakuoli, yaani kifuko kikubwa cha majimaji ndani ya seli, ambamo vimeng'enya hukimeng'enya. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliuchunguza utaratibu huu katika hamira, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016, na kwa maoni yangu ilimstahili kabisa.

Muuguzi, Njombe: Naongezea kidogo, mwalimu. Kwa binadamu kifuko huungana na laisosomu, yaani kifuko kidogo cha seli chenye vimeng'enya. Aidha, protini moja moja iliyoharibika mara nyingi hubandikwa yubikwitini, yaani protini ndogo iliyo kama alama, ikapelekwa kuvunjwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kukatakata protini.

Mwanafunzi, Mbozi: Ahsanteni sana. Je, tukiweka urea sasa, majani hayo yatarudi kuwa kijani?

Mwalimu wa biolojia, Iringa: Yaliyokwisha kukauka hayatarudi, mbolea itayafaa yanayoendelea kuchipua, mradi udongo una unyevu.