Wafungaji wa enkoda, mnaua vifaa vyetu kwa vipande vya bomba!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Karakana yetu ina mashine ya milling (ya kuchonga chuma) ya zamani, chuma kizito, meza bado imenyooka. Tukaamua kufunga enkoda, yaani kifaa kinachohesabu mzunguko wa shafti, kwenye skrubu za kusogezea meza ili tusome vipimo kwenye skrini. Kampuni tuliyoipa kazi ilikuja na hesabu tamu: enkoda ya mistari 1000, bodi inazidisha mara nne, unapata hesabu 4000 kwa mzunguko. Skrubu ina hatua ya mm 5, yaani meza inasogea mm 5 kwa mzunguko, kwa hiyo kila hesabu ni mikroni 1.25. Hesabu hiyo ni sahihi. Ugomvi wangu ni kile walichokiweka kati ya skrubu na enkoda.

Ni kipande cha bomba la shaba! Wamekitoboa, wakakaza bolti mbili za alen juu ya shafti ya mm 6, basi. Enkoda yenyewe wameibana kwenye bati lililokunjwa, matundu yamepimwa kwa macho. Nimefunga dayo (saa ya kupimia mipishano midogo) kwenye ncha ya skrubu na kuizungusha kwenye shingo ya enkoda: mshale unatembea mm 0.6. Maana yake shafti mbili zimepishana mm 0.3, na kilichoziunganisha hakipindi hata kidogo. Sasa hapo nani atapinda? Ni beringi ndogo za enkoda, kila mzunguko, kutwa nzima.

Na si hilo tu. Skrubu hiyo ina mchezo, yaani ulegevu, wa mbele na nyuma kwenye beringi zake za msukumo. Ukibadilisha mwelekeo wa meza, inasogea kidogo, na bomba linasukuma shafti ya enkoda ndani na nje. Enkoda haikutengenezwa kubeba msukumo wa skrubu. Ya kwetu ukiigeuza kwa vidole inakwaruza kama ina mchanga, sili imeachia, maji ya kupozea yameingia. Bolti nayo ilikuwa ikiteleza kwenye shafti, kwa hiyo vipimo vilihama katikati ya kazi na tukaharibu chuma cha mteja.

Kaplingi (viunganishi vya shafti) za kazi hii zipo. Kuna ya mvukuto, kuna ya alumini iliyochanjwa kuzunguka: inazungusha bila kulegea, lakini inakubali shafti zilizopishana kidogo, kwa kipimo ambacho mtengenezaji ameandika. Na enkoda yenye tundu la kupitisha shafti hukaa juu ya shafti yenyewe, mwili wake unazuiwa na bati la springi ili ufuate mtikisiko. Ukiukaza mwili ule kwa bolti kwenye fremu, umeiua mwenyewe. Msinitajie pia kile kipande cha mpira wa petroli badala ya kaplingi. Ukigeuza mwelekeo, mpira unajipinda kwanza, enkoda inachelewa.

Kilichonichoma zaidi ni uongo. Walituambia enkoda itaondoa mchezo wa nati, ile inayopanda kwenye skrubu na kusogeza meza. Itauondoaje? Enkoda iliyo kwenye ncha ya skrubu inaona skrubu, haioni meza. Nati imechakaa, skrubu imeanza kuzunguka, meza imesimama, skrini inaongeza namba. Vivyo hivyo joto: skrubu ya chuma ya mita 1 ikipanda nyuzi 10 inarefuka karibu mm 0.11, na enkoda haitakuambia. Anayetaka kujua meza iko wapi afunge skeli ya mstari, kipimo kirefu kinachosoma mwendo wa meza yenyewe, kwenye meza. Mngesema hivyo tangu mwanzo tungechagua wenyewe.

Sasa wanajibu kwamba mashine ni kuukuu, tununue enkoda mpya kwa pesa yetu, na wao waje kuifunga tena. Kwa bomba lilelile? Hapana. Nataka enkoda kwa gharama yao, kaplingi ya kweli, kishikio kilichokatwa kwenye mashine, na dayo iwekwe mbele yangu kabla bolti haijakazwa. Fedha iliyobaki hawaioni mpaka hapo.

Nanyi mliofungiwa na mafundi wa namna hii, fungueni kifuniko mtazame kuna nini ndani, kisha wekeni picha hapa.