Naomba ushauri: sikukuu ya somo wa parokia na jubilei ya paroko siku moja?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni katibu wa kamati ya sherehe. Somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa parokia, ni Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, na kila mwaka huwa ni Kwaresima, kipindi cha toba. Safari hii paroko anatimiza miaka 25 ya upadre mwezi huohuo, basi wengine wanataka tuunganishe. Kiliturujia hakuna shida: kwa kanisa lenye jina lake ni sherehe kamili, wimbo wa Utukufu unaimbwa, hata maua altareni yanaruhusiwa. Wazee wanasema shangwe za jubilei zisubiri Pasaka. Kuna aliyependekeza 1 Mei, kumbukumbu ya Yosefu Mfanyakazi, ambayo huwa ndani ya kipindi cha Pasaka. Mimi naelemea huko, ila naogopa kuonekana nampinga mwenyekiti.

La pili ndilo linaloninyima usingizi: shukrani. Mwaka jana tulisoma orodha ndefu ya wafadhili baada ya Komunyo, watoto wakalala, na tukawasahau akina mama wanaosafisha kanisa kila Jumamosi. Mmoja hajanisalimia tangu siku hiyo! Ninyi huwa mnashukuruje? Mnataja majina, au makundi tu? Na paroko mwenyewe tumuulize tarehe, au tumshtukize?