Tupeane uzoefu: Katuni ipi ilikutoa kwa mashujaa wa kuruka angani?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu, nimemkuta kijana wangu amejifungia chumbani na Persepolis ya Marjane Satrapi, nikakumbuka mbali sana. Mimi nimekulia kwenye katuni za watu wenye majoho wanaotupiana magari juu ya maghorofa. Nilipoifungua hii nikakutana na msichana wa miaka 10 kule Iran, mwaka 1980, ghafla analazimishwa kuvaa hijabu shuleni. Hakuna anayeruka. Hakuna rangi, ni nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Nilikesha nayo. Wewe ilikuwa ipi? Tiririkeni.

Bibi_Kurasa: Maus, bila kupepesa macho. Art Spiegelman anamhoji baba yake, Vladek, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka. Ukiona panya unadhani ni ya watoto, mpaka ufike pale mzee anaposema kwamba daftari za marehemu mkewe alizichoma moto, zile ambazo mwanawe anazitafuta kitabu kizima. Mwana anamwita muuaji. Niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea. Na ndicho kilichopewa Tuzo Maalumu ya Pulitzer mwaka 1992.

Pita_Kimya: Naunga mkono. Pale kwenye daftari hata mimi nilikwama.

Jicho_la_Tatu: Sawa, lakini mbona mnawasimanga mashujaa? Wengi wenu hao hao wenye majoho ndio waliowafundisha kufuata visanduku. Heshima kidogo.

Bibi_Kurasa: Hakuna aliyewasimanga. Kinachoniuma ni rafu nzima kujazwa wao, mtu anakua akiamini katuni ni ngumi tu.

Jicho_la_Tatu: Basi lalamikia wauza vitabu, usilalamikie katuni.

Mtoto_wa_Safari: Samahani nawakatiza, langu ni refu kidogo. Baba yangu alikimbia vita akiwa kijana na hakuwahi kutusimulia. Ukimuuliza anainuka, anakwenda kulala. Rafiki akaniazima The Arrival ya Shaun Tan, ya mwaka 2006. Kitabu kizima hakina maneno. Hata mabango ya mji anaofikia yule mhamiaji yana herufi za kubuni, kwa hiyo wewe msomaji nawe huambulii kitu, mko sawa na yeye. Nilikiacha mezani nikalala.

Usiku naamka, taa ya sebuleni inawaka. Mzee amekaa, miwani puani, kidole kiko pale mwanzoni ambapo mwanamume anafunga picha ya familia ili aitie kwenye sanduku la safari. Hakunitazama. Akasema, "Sisi ya kwetu tuliiacha ukutani." Nikakaa chini taratibu, naogopa hata kukohoa. Akafunua hadi kwenye ile mikia mikubwa ya joka inayozunguka juu ya mapaa ya mji, akaniambia ndivyo hofu ilivyokuwa, mwenye mkia humwoni, unaona mkia tu. Halafu akaanza kutaja majina ya ndugu zake. Sikujua kama waliwahi kuwepo. Mmoja wao ndiye niliyepewa jina lake. Miaka yote naitikia jina la mtu na sikuambiwa.

Pita_Kimya: Aisee.

Mama_Wino: Nimesoma mara mbili, machozi yananitoka. Pole sana mwanangu, na hongera.

Jicho_la_Tatu: Ubishi wangu nimeuacha. Mzee anaendeleaje?

Mtoto_wa_Safari: Yuko vizuri. Asubuhi ameuliza kama kuna kingine. Nimpe kipi?

Bibi_Kurasa: Maus! Baba na mwana wanaongea, ni ninyi kabisa.

Mama_Wino: Usithubutu. Mtu ndiyo kwanza amefungua mdomo, unampeleka Auschwitz? Mpe Aya, ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie. Ni mtaa wa Yopougon, Abidjan, kule Ivory Coast, mwaka 1978: wasichana wanatoroka kwenda kucheza muziki, wazazi wakali, posa za vichekesho. Acha acheke kwanza.

Fremu_kwa_Fremu: Mimi sikubaliani na wote wawili. Aliyeona vita humwamini aliyeona vita. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka 6 bomu lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945, ukuta wa shule ndio uliomkinga. Baba, dada na mdogo wake wakafa siku ile. Kuanzia 1973 akayachora hayo kwenye Barefoot Gen.

Mama_Wino: Hicho ndicho kizito kuliko vyote mlivyotaja, na wewe unakileta kama dawa.

Kalamu_Nyeusi: Chochote utakachompa, msimharakishe. Scott McCloud, mchora katuni aliyeandika kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, alilieleza vizuri mwaka 1993: ile nafasi tupu kati ya kisanduku na kisanduku inajazwa na msomaji mwenyewe. Mzee wako ana mengi ya kujaza humo.

Fremu_kwa_Fremu: Na ukimpa manga, yaani katuni za Kijapani kama hiyo Barefoot Gen, iliyochapwa Kijapani mwonyeshe kwamba inaanzia kulia, asije akafungulia mwisho wa hadithi.

Mtoto_wa_Safari: Aya ipo kwa Kifaransa? Ndiyo lugha anayoisoma kwa raha.

Mama_Wino: Ndiyo lugha iliyoandikiwa. Mpe juzuu la kwanza, na la pili uwe nalo karibu.