Kibao cha 50 kinaishia wapi kama hakuna kibao cha kumaliza?

Kibaigwa1
Wakuu habari za Jumapili. Jana natoka Dar naenda Dodoma, mimi na wife na watoto wawili nyuma. Mdaula kuna kibao cha 50, yaani mwisho kilomita 50 kwa saa, nikapunguza, nyumba zote nimezipita kwa adabu, bodaboda wananipita mimi naangalia tu. Nyumba zikaisha, kulia mahindi kushoto mahindi, hata kibanda cha mkaa hakuna, nikakanyaga. Mbele kama kilomita nne nasimamishwa, afande ananionesha picha kwenye simu, imetumwa na mwenzake aliyekaa kichakani huko nyuma, 68. Namwambia afande pale makazi yalishaisha, ananijibu kibao cha kumaliza 50 umekiona wapi. Sikukiona kwa sababu hakipo! Elfu thelathini imeandikwa, kontro namba ya kulipia ninayo hapa kwenye simu. Sasa wanaojua sheria nisaidieni, hiyo 50 inaishia wapi kama hawajaweka kile kibao cheupe kilichokatwa na mstari? Mpaka Morogoro? Mpaka Tunduma? Nilivyoondoka pale nimewawashia taa wote niliopishana nao mpaka nafika Bwawani, wajue mbele kuna trafiki, angalau wenzangu wasilambwe faini.

Ngosha wa Mjini
Pole sana mkuu. Hapo hapo Mdaula mimi walinilamba na 56. Hamsini na sita! Yani unaendesha macho yako yote yako kwenye dashibodi kama unasoma mtihani, barabara huiangalii. Halafu STK, gari la serikali, inapita na 140 hapo hapo trafiki anapiga saluti.

Mwalimu wa Udereva
Kijana, sheria yenyewe ni ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kwenye makazi mwisho ni 50 kwa kila chombo, kibao kiwepo kisiwepo. Ukishakikuta kibao basi unakaa na 50 mpaka kingine kikuachie. Wengi wanajua kibao cha kuingia tu, cha kutoka hawakiangalii. Na hiyo elfu 30 ni ya aliyekubali kosa. Ukikataa una haki ya kwenda mahakamani ukajieleze, afande anakuja na picha yake na wewe unakuja na maelezo yako. Ila uwe na nguvu ya kurudi, maana hutashitakiwa Dodoma kwa kosa la huku.

Dada Mlandizi
Mimi nimesoma hiyo habari yote ya kibao nikafika pale ulipoandika umewawashia taa "wenzako". Wenzako ni akina nani kaka? Unawajua? Unajua nani alikuwa amelewa, nani amebeba gari la wizi, nani anakimbia amegonga mtu huko nyuma? Umemwambia mtu usiyemjua punguza hapa tu, ukishawapita kanyaga. Sisi tunaoishi pembeni ya hiyo barabara ndio tunaokutana naye akishawapita.

Semi Tunduma
Dada taa hujui kazi yake. Mimi nina miaka 19 barabarani, Dar Tunduma, Dar Rusumo, nimeingia mpaka Lubumbashi. Sisi tunaishi kwa taa. Ng'ombe wako barabarani unawashiwa taa, lori limelala kwenye kona unawashiwa taa, moshi, mafuta yamemwagika, zote hizo ni taa. Hivi wewe unaendesha au unapandaga basi tu?

Dada Mlandizi
Nina leseni daraja D tangu 2014 na sijawahi kuandikiwa hata mara moja. Swali langu lilikuwa la taa, wewe umeniuliza mimi ni nani.

Ngosha wa Mjini
Hujawahi kuandikiwa kwa sababu unatoka Mlandizi unafika Kibaha unageuza.

Mama Gairo
Hayo mmeanza sasa. Kila mjadala wa barabara lazima mwanamke aulizwe kama anajua kuendesha. Mimi naendesha Fuso ya mahindi, Gairo mpaka Mabibo, wiki mara mbili, njooni mniulize na mimi.

Ngosha wa Mjini
Mama sijakutaja wewe.

Mama Gairo
Umetutaja wote. Halafu niwaambie, kwenye gereji pale Msamvu wiki nzima nimeangalia magari yanayoletwa yamebonyea mbele, sijaona hata moja mwenye nalo ni mama. Nyie ndio mnaovuka mstari mzima kwenye kilima mkiwa nyuma yangu, mnarudi upande wenu imebaki pumzi moja, mimi ndio nakanyaga breki na tani zangu nikuokoe wewe na familia yako.

Semi Tunduma
Mama Gairo heshima yako, sikuwa na nia hiyo. Nilimuuliza kwa sababu mtu ambaye hajashika usukani usiku hawezi kuijua taa. Mwaka jana nashuka Kitonga, nimeweka gia nzito, mwenzangu anapanda akaniwashia mara tatu halafu akatoa mkono dirishani kiganja chini. Nikasimama kabisa kabla ya kona. Nyuma ya kona semi limekata barabara nzima, na watu wameshashuka kwenye basi wanatembea tembea hapo katikati. Bila ile taa leo siandiki hapa. Sasa mtu aniambie taa ni kosa.

Mwalimu wa Udereva
Ndugu yangu hakuna aliyesema taa ya ajali ni kosa. Hizo ni taa mbili tofauti. Ya Kitonga ilikwambia kuna hatari. Ya Mdaula inasema kuna polisi. Naomba turudi kwenye kibao.

Mkaka wa Ilala
Mwalimu na wewe utofautishe basi, mimi nikiwashiwa taa nitajuaje ni ng'ombe au ni trafiki? Napunguza. Vyovyote vile nimepunguza. Si ndicho mnachokitaka?

Dada Mlandizi
Unapunguza mita mia tano.

Mkaka wa Ilala
Na tochi ya kupima mwendo inapunguza mita ngapi? Trafiki anakaa kichakani amejifunika majani, hapo usalama uko wapi? Angekuwa anataka watu wapunguze si angesimama pembeni ya zebra na koti lake linalong'aa watu wamwone kuanzia mbali. Anayejificha anatafuta hela.

Mama Gairo
Hapo nakuunga mkono.

Ngosha wa Mjini
Na hela tunalipa kila kona. 2017 walifuta ile ada ya mwaka ya gari wakaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita, mpaka mwenye jenereta na mashine ya kusaga analipia barabara. Halafu ukifika barabarani kwenyewe elfu 30. Usipolipa inaongezeka.

Mwalimu wa Udereva
Ile ada ilikuwa inawasumbua watu kweli, gari bovu limekaa uani kwenye matofali na deni linakua. Kuifuta ilikuwa sawa. Lakini hatuko huko.

Mkaka wa Ilala
Mwalimu nijibu moja, kibao cha 50 kikiisha gari dogo linarudi 80 si ndiyo?

Mwalimu wa Udereva
Hapana. 80 ni ya basi la abiria na gari zito la zaidi ya tani tatu na nusu. Gari dogo kama IST yako halimo humo. Ila usielewe vibaya, kuendesha kwa hatari ni kosa hata kama hakuna kibao, na ndani ya hifadhi ya Mikumi ni 70 mchana na 50 usiku hata uwe na gari gani, wale wanyama hawaulizi daraja la leseni.

Mama Gairo
Na mabasi yana VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, dereva akizidisha kinaanza kulia abiria wote wanasikia. Kwa hiyo anayesaidiwa na taa ya Kibaigwa siyo basi. Ni magari madogo. Ni sisi sisi.

Semi Tunduma
Kinalia na abiria wengine ndio wanaomwambia dereva kanyaga tumechelewa. Nimeyashuhudia.

Dada Mlandizi
Nilikuwa sitaki kuandika hili. 2019 mtoto wa dada yangu, alikuwa darasa la tano, ametumwa maji. Barabara ile ile ya Morogoro. Ndani ya 50. Waliokuwepo kwenye kibanda cha chipsi walisema gari zote zilikuwa zinakuja taratibu kwa sababu asubuhi trafiki walikuwepo karibu na duka la vyakula vya kuku pale. Trafiki wakaondoka saa tano. Dereva aliyemgonga alipita saa tano na nusu, na huko alikotoka walimwashia taa, alisema mwenyewe polisi, "niliwashiwa taa nikapunguza, nilivyoona hawapo nikajua wameondoka". Ndoo tuliikuta ng'ambo ya pili, imesimama wima na kifuniko chake kimefunga. Maji yamo. Dada yangu ile ndoo mpaka leo haitumii na haitaki itupwe. Kwa hiyo mtu akiandika kwa furaha kwamba amewawashia wote mpaka Bwawani, mimi siwezi kupita kimya.

Mama Gairo
Pole sana mdogo wangu. Mungu awape subira.

Semi Tunduma
Pole dada. Nisamehe kwa lile swali la basi. Taa ya ng'ombe na ya ajali siachi, hiyo siwezi kukudanganya. Ya trafiki nitaiangalia.

Mkaka wa Ilala
Pole dada. Lakini na mimi niseme, aliyeua ni yule dereva, siyo aliyewasha taa. Tusichanganye.

Dada Mlandizi
Sijasema aliua. Nimesema usifurahie.

Ngosha wa Mjini
Na zile STK je? Mbona hakuna anayezijibu? Yule anayepita na 140 katikati ya Mdaula mtoto akivuka itakuwaje? Tochi haisomi zile namba?

Mwalimu wa Udereva
Sheria inazisoma. Dharura ni ya gari la wagonjwa, zimamoto na polisi wakiwa kazini. Kuwahi kikao Dodoma hakumo. Hapo Ngosha uko sahihi na ninaumia kama wewe, kwa sababu mwanafunzi wangu akishaona ile gari imepita bila kusimamishwa, yote niliyomfundisha wiki nne yanakuwa hadithi.

Kibaigwa1
Wakuu nimerudi. Nimesoma kurasa zote, dada pole sana, kweli kabisa sikufikiria. Leo nimerudi Dar, nikasimama pale pale, nikaweka pembetatu nyuma ya gari nikashuka kutafuta. Kibao cha kumaliza KILIKUWEPO. Nguzo imekatwa na msumeno, kimebaki kisiki kama urefu wa mkono, kutu haijashika vizuri, inaonekana siyo zamani. Wauza chuma chakavu. Nimepiga picha nimeiweka hapo juu. Mwalimu nikienda nayo mahakamani inasaidia?

Mwalimu wa Udereva
Inasaidia, ilimradi hujalipa. Ukishalipa umekubali kosa. Na hiyo hiyo picha peleka TANROADS, wakala wa barabara, ofisi ya mkoa, hiyo barabara ni yao, waambie na kilomita iliyoandikwa kwenye jiwe la karibu.

Kibaigwa1
Nimeshalipa mwalimu, nililipa jana usiku niliogopa itaongezeka. TANROADS nitapeleka.

Ngosha wa Mjini
Sasa anayenunua hizo nguzo ndiye wa kukamatwa. Kibao kizima kabisa kina namba, mnunuzi anajifanya hajui kimetoka wapi?

Dada Mlandizi
Kaka Kibaigwa, kwenye hiyo picha yako, nyuma ya kisiki, ile ni njia ya miguu inaingia kwenye mahindi?

Kibaigwa1
Ndiyo. Imekanyagwa sana. Siku ile nilivyopita sikuiona.

Semi Tunduma
Hiyo njia naijua, inaenda kisimani. Ukipita saa kumi na mbili asubuhi wanakuwa wengi, wengine wamebeba madumu ya lita ishirini wanavukia hapo hapo.